Shajara ya kuokoa mafaili ya mjomba kutoka kompyuta ya mwaka 2004

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo nimeipokea rasmi kazi ambayo kwa miaka miwili nimekuwa nikiikwepa kwa visingizio vya safari na majukumu ya ofisini, nayo ni kuokoa mafaili ya mjomba yaliyomo katika kompyuta yake ya mezani. Aliinunua mwaka 2004 alipokuwa bado anafundisha, na tangu astaafu imekaa chumba cha uani nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, ikiwa imefunikwa kanga kuukuu. Nilimwomba anitajie anachokihitaji kwa mpangilio wa umuhimu, kwa kuwa diski inayokufa inaweza kukoma njiani kabla hujaimaliza, naye akahesabu kwa vidole: kwanza utenzi alioutunga na kuupiga chapa mwenyewe, pili picha za bibi zilizopigwa kabla hajafariki, tatu hesabu za chama cha kuzikana cha mtaa, ambacho yeye alikuwa mweka hazina wake. "Vingine, mwanangu, hata vikienda na maji sitalalamika," alisema.

Nimeiwasha mara mbili tu, na ya pili naijutia. Mara ya kwanza nembo ya Windows XP ilitokea, ikakaa kama dakika nne, kisha skrini ikageuka buluu yenye maandishi meupe na mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mara ya pili Windows ilitaka kuanza kuikagua diski na kurekebisha makosa, jambo ambalo wajukuu wamekuwa wakiliacha liendelee kila mara kwa sababu machoni linafanana na matibabu. Kumbe programu ile ya ukaguzi kazi yake ni kuurudisha mpangilio wa diski katika hali inayokubalika, hata ikibidi kuyakata mafaili yasiyosomeka na kuyaacha mabaki yake kama vipande visivyo na jina, na yote hayo huyafanya kwa kuandika juu ya diski ile ile iliyo mahututi. Niliikatisha, nikachomoa waya ukutani, na nimeandika hapa kwa wino mwekundu kwamba mashine hii haitawashwa tena.

Wakati inahangaika kuwaka nilisikia mlio mdogo kila baada ya sekunde kadhaa, kama ukucha unaogonga kikombe cha bati. Mlio wa mfululizo, usiokoma, ungekuwa na maana kwamba vichwa vya kusomea vimekufa na kazi hii haiwezekani mezani pangu. Huu ulikuwa ukija na kupotea, na kati yake diski ilisikika ikizunguka sawasawa. Nimeona kuna nafasi.

Niongeze kwamba wiki iliyopita fundi mmoja wa mjini alishauri "apigiwe Windows mpya" na angelipwa siku hiyo hiyo. Simlaumu sana, kwa sababu wateja wake wengi huleta mashine wakitaka iwake tu, lakini kuweka Windows mpya juu ya diski yenye kitu unachokitafuta ni sawa na kumwaga zege juu ya mahali ulipodondosha pete.

Jumapili, 5 Januari

Nimelifungua kasha kwa bisibisi ya nyota, uani, mchana kweupe, nikiwa nimegusa kwanza chuma cha kasha ili niondoe umeme tuli mwilini. Vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu na chumvi ya upepo wa bahari mpaka limekuwa kama utandu, skrubu mbili zilikuwa zimeshika kutu, na nyuma ya pawa saplai kulikuwa na mayai matatu ya mjusi kafiri, mawili yameshaanguliwa. Kwenye ubao mama, ule unaobeba saketi kuu za kompyuta, niliona kapasita tano (vijitungi vya kutunza umeme) zilizovimba vichwa, na mbili kati yake zimetoa uchafu wa kahawia. Ni ugonjwa uliozipata mbao nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000, na ulinieleza kwa nini mashine imekuwa ikijizima ovyo. Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili, ubao mgonjwa na diski mgonjwa, na la kwanza sina haja nalo hata kidogo.

Diski yenyewe ni ya gigabaiti 40, ya ile aina ya zamani yenye pini nyingi na waya mpana bapa, kabla ya soketi nyembamba za SATA kuenea. Nimezihesabu pini zikawa 39 badala ya 40, nikashtuka, kisha nikakumbuka kwamba pini ya 20 huachwa makusudi ili waya usichomekwe kinyume. Nimepiga picha kila upande kabla ya kuchomoa chochote, nikaitoa diski, nikaisafisha kwa brashi laini na kuifunga kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki katika joto hili la kaskazi ungeifungia unyevu ndani.

Jirani aliyekuwa akitazama alipendekeza tuiweke kwenye friza usiku mmoja, kwa kuwa amesikia inasaidia. Nimemshukuru, lakini hapa Tanga ukitoa kitu cha baridi kwenye friza kinalowa umande kabla hujakifikisha mezani, na maji juu ya sahani za diski ndiyo yatakayoimaliza kabisa.

Jumatano, 8 Januari

Adapta ya kuiunganisha diski hii ya zamani na soketi ya USB imefika kwa basi kutoka Kariakoo, pamoja na kipande chake cha umeme, ambacho ni cha lazima kwa kuwa diski ya ukubwa huu huhitaji volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi zake, na soketi ya kawaida ya USB peke yake haiwezi kutoa volti 12. Nimeichomeka kwenye kompyuta yangu ndogo inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, diski ikazunguka vizuri, lakini kompyuta haikuiona. Nilipoteza saa nzima nikibadilisha waya kabla ya kukitazama kile kijifuniko cha plastiki kiitwacho jampa: kilikuwa kimewekwa mahali pa diski ya pili, kwa sababu ndani ya kasha ilikuwa ikigawana waya mmoja na kisomeo cha CD. Nimekihamishia mahali pa diski ya kwanza, nayo ikaonekana papo hapo ikiwa na sekta 78,165,360, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia, kila kimoja cha baiti 512. Nikaizima mara moja. Kila dakika inayozunguka bila kunakiliwa ni dakika iliyopotea bure.

Adapta haipitishi taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, kwa hiyo nitategemea masikio na kiganja.

Diski ya nje niliyoinunua kwa ajili ya kupokea nakala ilikuja ikiwa imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili ambao haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4, na hapa diski nzima itanakiliwa kama faili moja la zaidi ya gigabaiti 40. Nimeipanga upya kwa ext4, mpangilio wa Linux unaokubali mafaili makubwa kiasi hicho. Afadhali hili nimeligundua leo kwa kujaribu faili tupu kuliko kuligundua katikati ya kazi.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeanza saa kumi alfajiri, wakati wa baridi kuliko wote katika mwezi huu, diski ikiwa imelazwa juu ya kigae na feni ikiipepea kwa ubavu. Programu niliyoichagua ni GNU ddrescue, na sababu ya kuichagua inastahili maelezo, kwa kuwa kazi nzima imeegemea hapo. Mtu anayenakili folda kwa njia ya kawaida hukwama kwenye faili la kwanza bovu, diski ikarudia kusoma pale pale mara kadhaa huku ikijiumiza, na anapokata tamaa huwa hajafika kwenye mafaili mazima yaliyokuwa mbele. Programu hii haijali mafaili. Inasoma diski tangu sekta ya kwanza hadi ya mwisho na kuiandika kama taswira moja, yaani faili moja lililo nakala ya diski nzima, na inapokutana na ugumu inaruka mbele bila kubishana, ikiandika katika faili dogo la ramani kwamba sehemu fulani imeshikwa, fulani bado, fulani itarudiwa. Vilivyo rahisi huchumwa kwanza, na vigumu huachiwa mwisho, hata kama diski itakufa kabla.

Saa kumi na moja kasoro robo umeme ulikatika. Kompyuta yangu ina betri, haikutetereka, lakini adapta ilikuwa imechomekwa ukutani, na hapo ndipo palipozuka jambo ambalo sikulitarajia: diski ilizimika huku programu ikiendelea, ikakuta kila inachokiomba hakisomeki, ikaruka mbele kwa hatua zinazozidi kuwa kubwa, na ndani ya muda mfupi ikawa imeiandika nusu nzima ya diski kwenye ramani kana kwamba ina hitilafu. Nashukuru kwamba nilikuwa nimeweka amri ndogo ya kuinakili ramani pembeni kila baada ya dakika tano. Nilirudisha ramani ya mwisho iliyokuwa safi, ya gigabaiti 17, nikaazima UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, ya dada mwenye duka la steshenari mtaa wa pili, na umeme uliporudi nikaendelea pale pale.

Kabla ya kuendelea niligundua kwamba diski ya mjomba, ambayo Linux ilikuwa ikiiita sdb, sasa inaiita sdc. Laiti ningebonyeza mshale wa juu na kurudia amri ya zamani bila kusoma! Amri hii hutaja chanzo kwanza na mpokeaji baadaye, na mtu akiyakosea majina anaweza kuandika upuuzi juu ya kitu pekee alichokuja kukiokoa. Tangu hapo, kila ninapowasha, nailazimisha orodha ya diski ionekane na ninatafuta ukubwa wa 37.3, ambao ndio gigabaiti 40 za kwenye lebo zikihesabiwa kwa vipimo vya Linux, ndipo ninapoandika jina.

Saa mbili na nusu asubuhi mzunguko wa kwanza ulikwisha: kati ya megabaiti 40,020, zilikuwa zimesomwa 39,114. Nilipoiweka kiganja diski ilikuwa ya moto kiasi cha kutovumilika kwa sekunde kumi, nikaizima ipumzike mpaka kesho.

Jumapili, 12 Januari

Mzunguko wa pili hurudi kwenye sehemu zilizorukwa na kuzikaribia kutoka kingoni, na wa tatu huchokonoa kilichobaki sekta moja moja. Sehemu kubwa ya zile megabaiti 906 ilikuwa nzima, iliyorukwa tu kwa sababu ya majirani wabaya, na kufikia saa moja asubuhi pengo lilikuwa limebaki megabaiti tatu na kidogo. Nikaruhusu marudio mawili, la kwanza likitoka mwanzo kwenda mwisho na la pili likirudi kinyumenyume, kwa kuwa wakati mwingine kichwa hukisoma upande huu kilichokikataa upande ule.

Zimebaki sekta 1,312, yaani baiti 671,744, chini ya sehemu mbili kwa kila laki moja ya diski. Mkono uliniwasha nirudie tena na tena. Lakini ule mlio wa ukucha ulikuwa umeongezeka, sasa ukija mara mbili mbili, na niliona kwamba ni heri nijue kwanza ni mafaili gani yameguswa kabla ya kuikamua zaidi. Nimeizima. Taswira nimeinakili mara moja kwenye diski nyingine, na kuanzia sasa nitafanya kazi juu ya nakala ya nakala.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeipachika taswira, yaani nimeifungua kwenye Linux kana kwamba ni diski, kwa hali ya kusoma tu. Windows XP iliipanga sehemu yake kuanzia sekta ya 63, kwa hiyo ilibidi niiambie Linux iruke baiti 32,256 za mwanzo, na folda zikafunguka zote kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Hapa nimekutana na jambo lililonikalisha kimya. Mjomba amekuwa akisimulia kwa miaka mingi kwamba folda zake nyingi "zililiwa na kirusi" mwaka 2009, baada ya mwanafunzi mmoja kuleta flashi, na kwamba alichobaki nacho ni utenzi wa toleo la mwisho tu, aliouandika baada ya hapo. Kwenye taswira nimezikuta folda hizo zote, kila moja ikiwa na pacha wake: folda UTENZI na pembeni yake faili UTENZI.exe, folda PICHA na PICHA.exe, folda CHAMA na CHAMA.exe. Kirusi cha aina ile hakikuwa kikila kitu. Kilikuwa kikizificha folda halisi kwa alama ambayo Windows huiheshimu, kisha kinajiweka mahali pake kwa jina lile lile na picha ile ile ya folda ya njano, ili mtu akibonyeza akiwashe. Linux haiijali alama ile ya kuficha, kwa hiyo kila kitu kimeonekana.

Nilimpigia simu. "Shikamoo mjomba. Folda zako za zamani zimo." Alinyamaza kidogo. "Marahaba. Kumbe vilikuwa humo humo?" Vilikuwa humo humo, miaka kumi na sita, chini ya kanga.

Tarehe za mafaili haziaminiki. Betri ndogo ya ubao mama, ile ya mviringo ya volti 3, inaelekea ilikufa mapema, na kila umeme ulipokatika saa ya kompyuta ilirudi mwanzo, hivyo mafaili zaidi ya mia moja yanadai kuandikwa Januari 2002, miaka miwili kabla kompyuta haijanunuliwa. Mpangilio itabidi niutafute ndani ya maandishi yenyewe.

Kuna folda moja iitwayo BINAFSI. Nimeinakili bila kuifungua.

Jumamosi, 18 Januari

Swali la leo lilikuwa moja: zile sekta 1,312 zimeangukia wapi? Programu ile ile ina hali ya kujaza, ambayo huchukua ramani na kuandika neno lolote utakalo katika kila sekta iliyokosekana ya taswira. Nilichagua neno PENGO likifuatwa na nafasi, nikalijaza kwenye nakala ya tatu, kisha nikatafuta neno hilo lililorudiwa mfululizo ndani ya mafaili yote. Kila sekta moja iliyopotea ikawa inapiga kelele yenyewe: PENGO PENGO PENGO, karibu mara 85.

Sehemu kubwa ilikuwa nafasi tupu. Mafaili yaliyoguswa yalikuwa 23, na 15 kati yake ni ya Windows na programu zake, hayana thamani kwetu. Manane ya mjomba ni picha tano, barua moja ya kuomba mkopo wa baiskeli, jedwali moja la hesabu, na utenzi wa toleo la mwisho.

Jedwali la hesabu lilikataa kufunguka kabisa, lakini mjomba, kama watu wengi wasioiamini kompyuta, alikuwa na tabia ya kuhifadhi upya kila mara kwa jina jipya, na nilikuta HESABU MPYA, HESABU MPYA2 na HESABU MPYA KABISA, ambazo zinatofautiana kwa mistari michache ya mwezi wa mwisho. Mistari hiyo imo kwenye daftari la karatasi.

Picha zilinisumbua zaidi. Picha ya aina hii ikivunjika katikati, juu ya mahali palipovunjika huonekana vizuri na chini yake hugeuka kijivu au rangi zilizohama. Nne zimeathirika kidogo tu, kando ya chini. Ya tano ni ya bibi ameketi barazani, na kijivu kinaanzia mabegani. Uso umo wote. Mikono, iliyokuwa inasuka ukili, haimo. Nilijua kwamba ilikuwa inasuka ukili kwa sababu Windows XP ilipokuwa ikionyesha folda kwa vijipicha iliviweka katika faili lililofichwa liitwalo Thumbs.db, na humo bibi yumo mzima, kwa ukubwa wa nukta 96, mdogo kama stempu. Kijipicha hicho nimekituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nikiuliza nani ana picha iliyosafishwa.

Jumapili, 26 Januari

Nimekwenda Ngamiani na kompyuta yangu, na siku nzima imekwenda kwenye utenzi. Unasimulia safari ya jahazi, una beti 412, na toleo la mwisho linafunguka vizuri katika programu ya kuandikia ya LibreOffice mpaka ubeti wa 207, ambao nauandika hapa kama ulivyoonekana kwenye skrini:

Bahari imechafuka
na tanga limepasuka
nahodha akaPENGO PENGO PENGO

na kuendelea hivyo mpaka katikati ya ubeti wa 214. Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Faili la aina hii huhifadhi herufi zetu za kawaida kwa baiti moja kila moja, na ubeti wenye vipande vinne vya mizani minane, pamoja na nafasi zake, huchukua baiti kama 77, kwa hiyo sekta moja tu iliyokufa imemeza mwisho wa ubeti mmoja, beti sita nzima, na mwanzo wa mwingine.

Toleo la zamani, lile lililofichwa na kirusi, niliona litatuokoa, na halikutuokoa: linaishia ubeti wa 180, kwa kuwa safari ya dhoruba aliitunga baadaye. Nikamwambia ukweli. Mjomba aliweka miwani, akasogeza kiti, akaisoma ile mistari miwili na nusu kwa sauti, na bila kusita akamalizia:

nahodha akatamka
shikeni kamba vijana

Aliendelea kwa kwenda nyuma kidogo na kuuvamia ubeti unaofuata kwa kasi, kama mtu anayeruka mtaro. Ubeti wa 208 na wa 209 vilitoka hivyo. Kwenye wa 210 alikwama. Tukanywa kahawa. Wa 211 ulikuja wakati anazungumza na mtu mwingine kabisa, na wa 213 akaupata kwa kuanzia mwisho, kwenye ubeti wa 214 ambao nusu yake tunayo, na kurudi nyuma kwa kufuata kina. Wa 210 na wa 212 havikuja mpaka magharibi. Nilimshauri avitunge upya, kwa kuwa anajua kisa, na kile kina cha mwisho wa kila ubeti, kiitwacho bahari, ni kile kile, naye akakataa kabisa: ubeti nikiutunga leo, alisema, ni ubeti wa mwaka huu, na mimi sitaki kumdanganya msomaji. Tumeweka nukta, mistari minne minne.

Folda ya BINAFSI nilimwonyesha jina lake tu. Alicheka, akasema nimpe kwenye flashi yake peke yake na niifute kwangu. Nimefanya hivyo mbele yake, na kwenye nakala zote za taswira nitalishughulikia kabla sijazigawa kwa mtu yeyote.

Jumamosi, 1 Februari

Nimeipitisha taswira kwenye programu ya PhotoRec, ambayo haifuati majina wala folda bali hutambua mafaili kwa alama za mwanzo wake, ili nione kama kuna picha zilizofutwa. Imetoa maelfu ya vijipicha vya vitufe vya tovuti, matangazo ya zamani, na picha kumi na nne za familia ambazo hakuna aliyezikumbuka, mojawapo yangu nikiwa na sare ya shule na soksi moja. Bibi wa barazani hakupatikana zaidi ya tulichonacho.

Maandishi yote nimeyageuza kuwa ODT (aina ya faili ya LibreOffice) na PDF, lakini mafaili ya asili ya .doc nimeyaweka kama yalivyo pembeni yake, kwa kuwa ugeuzaji hupoteza vitu vidogo ambavyo huvioni siku ile. Kila faili nimelipigia hesabu ya sha256, namba ndefu inayobadilika hata baiti moja ikibadilika, ili mwakani niweze kujua kama nakala imeoza kimyakimya. Nakala ziko tatu: moja kwa mjomba kwenye diski ya nje, moja kwangu, na moja itakwenda Muscat kwa binamu, ambaye ndiye aliyejibu kwenye WhatsApp. Picha ya bibi ilisafishwa mwaka 2005 na kupelekwa kwake kwa posta, na imo kwenye fremu sebuleni. Ameahidi kuitoa kwenye kioo kabla ya kuiskani, baada ya mimi kumwomba mara mbili, kwa sababu aliyonitumia mwanzo ilikuwa na mwanga wa taa ya dari usoni mwa bibi.

Jumamosi, 8 Februari

Skani ya Muscat imefika, nukta 600 kwa inchi, mikono na ukili vimo. Imewekwa kwenye folda moja na ile iliyovunjika, bila kuziunganisha.

Diski ya zamani nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: "Isiwashwe. Taswira imechukuliwa 12 Januari 2025, sekta 1,312 hazikusomeka." Mjomba ameiweka kwenye sanduku lake la hati za nyumba. Kasha lenye kapasita zilizovimba limechukuliwa na fundi wa redio kwa ajili ya feni na skrubu.

Jana alfajiri, kabla ya adhana, simu iliita. Nilidhani kuna msiba. "Andika haraka," alisema mjomba, na akanisomea ubeti wa 212 mara mbili, polepole, nikiuandika nyuma ya risiti. Nimeuingiza leo kwenye faili, nimeandika pembeni tarehe aliyoukumbuka, nimepiga upya hesabu ya sha256 na kuzisasisha nakala mbili zilizo hapa. Ya Muscat itasubiri, kwa kuwa wa 210 bado ni nukta.